Miti Isiyopandwa na Mtu: Lusina na Mwarobaini katika Mitaa ya Ukonga

Mitaa ya Ukonga, Gongo la Mboto, Kitunda na Majohe, upande wa kusini-magharibi mwa jiji la Dar es Salaam, ina miti mingi ambayo hakuna aliyeipanda. Imejiotea kando ya uzio, kwenye kingo za mito, kwenye hifadhi ya barabara na reli, na ndani ya mapagale ambayo wenyewe hawajarudi kuyamalizia. Aina mbili zimetawala: mlusina, ambao wengi huuita lusina tu, na mwarobaini. Mlusina hufunga vichaka vizito ambavyo chini yake ni machache yanayoweza kuota. Mwarobaini husimama peke yake, hutanua matawi, na baada ya miaka michache huwa umezungukwa na miche yake kila upande. Miti yote miwili asili yake ni mbali, yote ililetwa kwa nia njema, na yote sasa inaenea bila kusaidiwa na mtu.

Kuna mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. Mti mgeni ni ule uliofikishwa mahali na binadamu, nje ya eneo lake la asili. Mti vamizi ni mti mgeni ambao umeanza kuzaana wenyewe, ukasambaa mbali na pale ulipopandwa, na ukaanza kuwaondolea viumbe wengine nafasi au kuwaharibia watu mali na kazi. Mwembe ulitoka Asia. Mkorosho ulitoka Brazili na kuletwa na Wareno katika karne ya 16. Miti hiyo imekaa pwani kwa karne nyingi na imelisha vizazi bila kuteka misitu. Kwa hiyo ugeni si kosa, na anayetaka kuifyeka miti yote ya kigeni Ukonga atabaki na mitaa mikavu isiyo na embe wala kivuli.

Kinyume chake pia ni kweli. Mti wa nyumbani unaweza kuwa vamizi ukihamishwa ndani ya nchi hiyo hiyo. Mfano unaojulikana sana Tanzania ni msizi, ambao kisayansi ni Maesopsis eminii. Huko Kagera, karibu na Ziwa Victoria, ni mti wa asili. Wajerumani walipoufikisha Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, mwanzoni mwa karne ya 20, haukuleta shida mara moja. Ulipandwa kwa wingi baadaye, katika miaka ya 1960 na 1970, ili kufunika maeneo yaliyokatwa mbao. Hondohondo waliyapenda matunda yake, wakameza na kudondosha mbegu ndani ya msitu, na leo msizi ni sehemu ya msitu wa Amani kiasi kwamba kuuondoa wote ni jambo lisilofikirika. Amani yenyewe ni somo kubwa. Kituo cha utafiti wa mimea kilichoanzishwa hapo mwaka 1902 kilileta mamia ya aina za mimea kutoka pande zote za dunia. Watafiti waliorudi kuhesabu aina zilizosalia, karne moja baadaye, walikuta zaidi ya 200 bado zipo, na kati ya hizo 16 zilikuwa zinasambaa kwa kasi. Nyingi zilitulia pale zilipopandwa. Tatizo ni kwamba siku ya kupanda hakuna aliyeweza kusema ni zipi zitatulia.

Mwarobaini ulifika pwani ya Afrika Mashariki na watu waliotoka Bara Hindi katika karne ya 19. Walikuja nao kwa sababu kwao ulikuwa dawa, mswaki, kivuli cha uani na kinga ya nafaka dhidi ya wadudu. Wenyeji waliupokea haraka, na kutoka Lamu na Mombasa hadi Unguja na Mtwara ukawa mti wa kila boma. Hata hivyo, mti huo huo umetoka majumbani na kuingia porini. Katika Hifadhi ya Taifa ya Saadani, kaskazini mwa Dar es Salaam, mwarobaini umesambaa kutoka kwenye makazi ya zamani hadi ndani ya nyika na vichaka, huku nyani wakiwa miongoni mwa wanaobeba mbegu. Ghana imekutana na hali kama hiyo kwenye vilima vya Shai, na nchini Australia jimbo la Northern Territory limeuweka kwenye orodha ya magugu yanayopaswa kudhibitiwa.

Mlusina una historia ndefu zaidi ya safari. Kwao ni Meksiko na Amerika ya Kati. Meli za Wahispania ziliuvusha hadi Ufilipino karne kadhaa zilizopita, pengine kwa ajili ya malisho, na kutoka huko ukaenea nchi za joto. Ule wa kwanza kusambaa ulikuwa wa aina fupi yenye matawi mengi na mbegu nyingi mno. Baadaye ikapatikana aina ndefu, yenye shina nene na majani mengi, na hapo ndipo dunia ilipoupenda sana. Mwaka 1977 Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani kilichapisha ripoti iliyousifu kama zao la malisho na miti lenye matumaini makubwa kwa nchi za tropiki. Wafadhili, mashirika na idara za misitu wakaubeba. Tanzania ilikuwa katika kipindi cha hofu ya kuni kuisha. Karibu na mwaka 1980 taifa lilikuwa na kampeni ya "Misitu ni Mali" iliyosikika redioni na kwenye vikundi vya kujisomea. Mti unaokua mita kadhaa kwa mwaka, unaorutubisha udongo kwa naitrojeni, unaolisha mbuzi na ng'ombe, unaochipua kila ukikatwa, ulionekana kuwa jibu la maswali yote kwa pamoja.

Sifa hizo ndizo zilizoufanya uwe vamizi. Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Mazingira, unaojulikana kwa kifupi chake cha IUCN, umeuweka mlusina kwenye orodha yake ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani. Kwenye orodha hiyo hiyo yumo pia mwana wa Afrika: mti wenye maua mekundu kama moto, Spathodea campanulata, ambao hapa hupandwa kwa urembo wa bustani lakini katika visiwa vya Pasifiki umemeza mashamba. Afrika imepokea miti vamizi na pia imeitoa.

Namna miti hii miwili inavyozaana ni tofauti kabisa, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua jinsi ya kuishi nayo. Ni jambo linalostahili kueleweka vizuri, kwa sababu jasho jingi linalomwagika mitaani linamwagika bure pale mtu anapoushughulikia mti mmoja kwa njia inayoufaa mwingine.

Mlusina hujichavusha wenyewe, kwa hiyo mti mmoja ulio peke yake kwenye kiwanja unatosha kuanzisha kichaka. Huanza kutoa mbegu ungali mdogo, mara nyingi kabla ya kutimiza mwaka mmoja au miwili, na huendelea kuzaa karibu mwaka mzima mahali penye unyevu. Maua yake ni vidonge vyeupe vya nyuzi. Yakipita huning'inia mafungu ya maganda bapa, kila ganda likiwa na mbegu kumi na tano hadi ishirini hivi. Ganda likikauka hupasuka na kuzimwaga chini. Mbegu hizo zina gamba gumu lisilopitisha maji. Baadhi huota mvua ya kwanza; nyingi hulala ardhini, na zinaweza kukaa hai kwa miaka kumi, hata ishirini. Moto mwepesi wa kuchomea takataka hauziui zote. Joto huweza kulilegeza gamba na kuzizindua. Ndiyo maana kiwanja kilichofyekwa na kuchomwa wakati wa kiangazi huonekana kisafi kwa miezi michache, kisha masika ikapiga na kukigeuza zulia la miche ya lusina, mingi kuliko ile ya mwanzo. Aliyefyeka hudhani mti umekuja upya kutoka kwa jirani, kumbe umetoka chini ya miguu yake.

Mwarobaini hauna akiba hiyo. Mbegu yake ni laini, ina mafuta, na hufa baada ya wiki au miezi michache isipopata udongo wenye unyevu. Nguvu yake iko kwenye usafiri. Matunda yake, yanayogeuka manjano yakiiva, yana nyama tamu inayowavuta shore, kunguru, popo na ndege wengine wengi. Mnyama hula, huruka, hutua kwenye waya wa umeme, kenchi ya pagale au tawi la mwembe, kisha hudondosha kokwa. Ramani ya miche ya mwarobaini katika mtaa ni ramani ya mahali ndege wanapotua. Kunguru weusi, ambao nao walipelekwa Zanzibar kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890 ili wale takataka, wamezidi sana Dar es Salaam na hupenda kutua pale watu wanapoishi. Mgeni mmoja anamsafirishia mgeni mwingine. Mwarobaini huanza kuzaa ukiwa na miaka mitatu hadi mitano, na uliokomaa unaweza kutoa matunda ya kilo 30 hadi 50 kwa mwaka. Ukikatwa huchipua kwenye kisiki, na mizizi iliyojeruhiwa huotesha machipukizi mapya mbali na shina.

Mazingira ya Ukonga yanaipa miti hii kila inachohitaji. Jiji lilikuwa na watu 4,364,541 katika sensa ya 2012 na 5,383,728 katika ile ya 2022, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo iliangukia pembezoni. Mashamba ya minazi na mikorosho yaliyokuwa pembeni ya barabara ya Pugu yalikatwa vipande vya viwanja. Kati ya siku kiwanja kinaponunuliwa na siku nyumba inapokamilika panaweza kupita miaka kumi, na katika miaka hiyo udongo umeshachimbwa, uoto wa zamani umeondolewa na mwenyewe yuko mbali. Miti ya asili ya ukanda huu huota polepole na mingi ya miche yake huhitaji kivuli cha miti mikubwa. Mlusina na mwarobaini hutaka jua, hustahimili mchanga mkavu, na huvumilia kifusi. Wa kulaumiwa kwanza basi ni ardhi iliyoachwa. Mahali ambapo kiwanja kinalimwa mihogo au mchicha, au kinafagiliwa tu, miti hii haipati nafasi ya kukua, hata kama mbegu zimejaa.

Maji ya mvua yanamaliza kazi iliyobaki. Mto Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Pugu na kupita karibu na mitaa hii, kisha unashuka hadi Vingunguti na Jangwani kabla ya kuingia Bahari ya Hindi. Kila masika kingo zake humomonyoka na kuacha mchanga mpya ulio wazi, na mbegu za lusina zilizosombwa na mifereji hutua hapo. Mistari mirefu ya milusina katika bonde, kama ile inayoonekana karibu na Ulongoni, imepandwa na mafuriko.

Madhara yanaanzia nyumbani. Mche wa mwarobaini ulioota kwenye ufa wa ukuta au kando ya karo la maji taka hauonekani kuwa tishio ukiwa na majani sita. Baada ya miaka mitano mizizi yake imeshapanua ufa, imeingia kwenye chemba kutafuta maji, na kuukata kunahitaji fundi wa miti na fundi wa ujenzi pia. Matawi hufika kwenye nyaya, na wakati wa upepo wa kusi umeme unakatika mtaa mzima hadi TANESCO waje kupogoa. Majani hujaza mifereji ya mabati. Vichaka vya lusina vinavyofunga vichochoro huwapa wezi maficho na kuwatia hofu wasichana wanaotoka masomo ya jioni, na watu hutupa humo taka kwa sababu hazionekani. Lawama moja hutupiwa miti hii bila haki: kwamba huzaa mbu. Mbu huzaliana kwenye maji yaliyotuama, yaani kwenye matairi, makopo, madimbwi na makaro yasiyofunikwa. Kichaka humpa mbu aliyekomaa pahali pa kupumzika tu. Mtaa unaokata miti na kuacha madimbwi utabaki na malaria yake.

Madhara makubwa zaidi hayaonekani kutoka barabarani. Kilomita chache kutoka Ukonga, nyuma ya Pugu, ipo Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Pugu-Kazimzumbwi inayosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS. Ni mabaki ya misitu ya pwani ya Afrika Mashariki, misitu ya kale sana yenye mimea na wanyama wasiopatikana kwingine. Baadhi ya mimea yake imebeba jina la Pugu katika sayansi, kama Millettia puguensis na Baphia puguensis. Msitu huo umekatwa mkaa kwa miongo mingi kwa sababu uko karibu na soko kubwa la mkaa nchini. Kila tanuri linapochomwa msituni linaacha uwazi, na uwazi ni mlango wa miti inayopenda jua. Msitu uliofungamana huweza kujilinda wenyewe dhidi ya lusina, kwa kuwa miche yake haistahimili giza. Msitu uliotobolewa hauwezi. Kwa hiyo kila mlusina unaoachwa ukomae Gongo la Mboto au Chanika ni chanzo cha mbegu mlangoni mwa msitu ambao ukipotea hakuna kitalu kitakachourudisha.

Ni wazi pia kwamba wakazi hawaiachi miti hii kwa uzembe peke yake. Februari katika nyumba ya bati ni mwezi mgumu, na mwarobaini mmoja uani hufanya tofauti kati ya kukaa nje na kutokaa. Mama lishe hupika chini yake, mafundi wa pikipiki hufanya kazi chini yake, vikao vya mtaa hufanyika chini yake. Mlusina hutoa kuni zinazowaka vizuri, fito za kujengea banda la kuku, na majani ya kulishia mbuzi. Wafugaji wa Kitunda na Kivule wanaokata majani hayo wanafanya jambo la busara, ila kwa kiasi: majani yana sumu iitwayo mimosini, na yakizidi thuluthi moja hivi ya chakula cha ng'ombe au mbuzi yanaweza kumdhuru. Punda, nguruwe, sungura na kuku hawana vijidudu tumboni vya kuivunja sumu hiyo, na punda akishiba lusina hunyonyoka nywele za mkia na shingo.

Wapo wanaosema kwamba suluhisho ni kuitumia miti hiyo hadi iishe. Uzoefu wa Kenya unafundisha uangalifu. Mti wa mathenge, Prosopis juliflora, ulipandwa Baringo mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili kuzuia jangwa na kupata kuni. Mbuzi walikula maganda yake matamu, wakasambaza mbegu kwenye kinyesi, na malisho ya jamii ya Ilchamus kando ya Ziwa Baringo yakafunikwa na vichaka vya miiba. Maganda hayo yaling'oa meno ya mifugo, na mwaka 2006 wananchi walikwenda Mahakama Kuu jijini Nairobi kuishtaki serikali, wakiwa na mbuzi kibogoyo kama kielelezo. Baadaye kukaja mipango ya kuchoma mkaa wa mathenge na kusaga maganda kuwa chakula cha mifugo. Watu walipata kipato, na hilo si dogo. Lakini mti haukurudi nyuma, kwa sababu mchoma mkaa hukata shina nene na kuacha kisiki kichipue, na anayeishi kwa mti hana sababu ya kuumaliza. Matumizi hupunguza gharama ya kudhibiti. Hayawezi kuwa udhibiti wenyewe mpaka kuwe na mtu wa kurudi kwenye visiki na miche.

Afrika Kusini ilichagua njia mbili kwa pamoja. Mwaka 1995 serikali ilianzisha mpango wa kuwaajiri watu maskini kukata miti vamizi kwenye vyanzo vya maji, na umeajiri maelfu kwa maelfu. Kwa mlusina, mwaka 1999 iliachia mdudu mdogo anayekula mbegu tu. Wenye mifugo walikuwa bado wanayataka majani, hivyo akatafutwa mdudu asiyegusa jani wala shina. Tanzania ilikwishaona mdudu wa namna nyingine: mwaka 1992 ilifikiwa na chawa wa lusina kutoka Amerika, anayefyonza machipukizi. Aliwavunja moyo wakulima waliokuwa wamepanda milusina mashambani kwa ajili ya malisho, lakini hakuizuia ile ya mwituni kuendelea kuenea.

Kwenye mtaa kazi huanza na kuchagua pa kuanzia, kwa kuwa kuiondoa milusina yote Ukonga hakuwezekani tena. Kingo za mito na mifereji huja kwanza, maana mbegu moja hapo husafiri hadi Jangwani. Kisha njia zinazoelekea Pugu, halafu viwanja vitupu, na mwisho miti iliyo ndani ya nyua za watu. Kwa mlusina silaha kuu ni wakati. Miche hung'olewa kwa mkono katika masika, udongo ukiwa laini, kabla mzizi mkuu haujashika. Mti mkubwa hukatwa ukiwa na maua au maganda mabichi, kamwe si yakiwa yamekauka, kwa sababu kuburuta matawi makavu mtaani ni kupanda mbegu njia nzima. Kisiki hung'olewa kwa sururu, au machipukizi yake hukatwa kila baada ya wiki chache hadi akiba ya mizizi iishe. Baada ya hapo mtu hurudi kila msimu wa mvua kung'oa miche mipya kwa miaka kadhaa. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayoshinda watu, na bila hiyo zote zilizotangulia ni hasara. Majani mabichi yasiyo na maganda ni mbolea nzuri kwa bustani za mchicha na matembele.

Kwa mwarobaini hakuna haja ya kukata miti mikubwa inayowapa watu kivuli. Kinachohitajika ni kuokota na kung'oa. Mbegu haidumu ardhini, kwa hiyo nyumba inayong'oa miche yake mara mbili kwa mwaka, kwenye nyufa, kando ya makaro na chini ya nyaya, imekwisha kulimaliza tatizo lake. Matunda yanayofagiliwa chini ya mti yana kazi: kiini cha mbegu kilichokaushwa na kutwangwa, gramu 50 kwa lita moja ya maji, kikilowekwa usiku kucha na kuchujwa, hutoa kiuatilifu kinachotumika kwa mboga dhidi ya wadudu wengi. Lakini mafuta ya mwarobaini hayapaswi kunyweshwa watoto wachanga. Yamewahi kusababisha sumu mbaya mwilini na vifo. Miarobaini iliyo karibu na Pugu au bondeni ni habari nyingine, na hiyo ingefaa ibadilishwe polepole na miti mingine.

Dawa za kuua magugu zinazopakwa kwenye visiki hufanya kazi, lakini katika mitaa yenye visima vifupi, kuku wanaozurura na watoto wanaocheza chini, hatari yake ni kubwa. Mtu asizitumie bila ushauri wa afisa kilimo wa kata na bila kuhakikisha zimesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania. Kukata miti kwenye ardhi ya umma, kama vile hifadhi ya barabara au kingo za mto, kunahitaji kwanza kuulizia ofisi ya serikali ya mtaa. Mti wa jirani unaovuka mpaka nao humalizwa vizuri zaidi mbele ya mjumbe kuliko kwa panga usiku.

Kisheria Tanzania haiko mikono mitupu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ni ya mwaka 2004, na mwaka 2019 Ofisi ya Makamu wa Rais ilitoa mkakati wa kitaifa wa kukabiliana na viumbe vamizi. Katika mkutano wa Montreal wa Desemba 2022 mataifa yalikubaliana kupunguza uingiaji na ukaaji wa viumbe vamizi kwa angalau nusu ifikapo 2030, na mwaka uliofuata jopo la kimataifa la wanasayansi wa bayoanuwai lilikadiria kwamba viumbe hivyo huigharimu dunia zaidi ya dola bilioni 423 kila mwaka. Nyaraka hizo huzungumzia sana hifadhi, maziwa na mashamba. Mtaa wa mjini hutajwa kwa nadra. Halmashauri ingeweza kufanya mengi kwa amri ndogo: kumtaka mwenye kiwanja kisichoendelezwa akisafishe kila mwaka, kama anavyotakiwa kukilipia kodi, na kuacha kabisa kutoa miche ya lusina katika siku za kupanda miti. Hakuna hoja inayotosha leo ya kuotesha mlusina katika kitalu cha umma Dar es Salaam.

Panapoondolewa mti panapaswa kupandwa mwingine wiki hiyo hiyo, hasa kando ya mto, kwa sababu ukingo ulioachwa mtupu huporomoka mvua ya kwanza na kualika mbegu zile zile. Kwenye maji hufaa mikuyu na matete, ambayo mizizi yake hushika udongo. Kwenye mitaa na viwanja vya shule kuna mkwaju, wenye kivuli kizito na tunda linalouzika. Kuna pia mbambakofi na msandarusi, miti ya misitu hii hii ya pwani. Na mwembe kwa asiyetaka kusubiri bila kula. Miti hiyo hukua polepole kuliko lusina. Mkwaju huhitaji miaka kadhaa ya kumwagiliwa wakati wa kiangazi na kulindwa dhidi ya mbuzi kabla haujaweza kumfunika mtu. Katika miaka hiyo ya mwanzo mwarobaini mkubwa ulio jirani unaweza kuachwa uendelee kutoa kivuli, miche yake ikiwa inang'olewa, na ukakatwa pale tu mkwaju unapokuwa tayari kushika nafasi.